Fundi Aliyepika Ua la Kioo

Juzi nilipoona glasi zenye umbo la ua kwenye harusi moja Posta, nilimkumbuka Mzee Kanti, fundi wa vioo wa Kariakoo. Nilipokuwa mdogo, mimi na mama tulimwendea mchana mmoja: glasi yenye umbo la ua ambayo dada yangu angegonganisha na bwana harusi kesho yake ilikuwa imevunjika, na mama alikuwa karibu kulia. Mzee alilainisha kioo juu ya moto ulionuka gesi, akavuta petali moja moja kwa koleo. Mimi nikadhani anapika sukari.

“Babu, naomba nirambe.”

“Ukiramba, mjukuu wangu, dada yako atanywea kiganjani,” alisema akicheka.

Harusini wageni hawakujua glasi mpya ni ipi. Mimi niliitambua, kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko ya bwana harusi.