Maombi Yaliyobaki Simuni

Nisiseme uongo: kanisa la mke wangu sikulipenda tangu mwanzo. Mimi ni Mkatoliki wa misa ya kwanza, ile inayokwisha kabla jua halijachoma, mtu akarudi nyumbani akala. Yeye ni wa lile kanisa lenye spika kubwa kuliko mlango, ambako wanaingia asubuhi na kutoka alasiri, midomo imekauka. Tulipooana tulikubaliana kila mtu na njia yake, na kwa miaka mingi hilo lilitosha. Kilichokuja kutuharibia ni ukurasa wa mtandao.

Kanisa lilikuwa na mtu wao wa mambo ya mitandao, jamaa wa miaka thelathini na kitu, ndevu zimechongwa vizuri, aliyesoma informatiki, yaani mambo ya kompyuta, Lubumbashi na ambaye hakukubali usahau hilo. Ndiye aliyetengeneza ukurasa wa maombi. Zamani waumini waliandika haja zao kwenye vikaratasi wakavitia kikapuni. Sasa ilibidi ufungue ukurasa kwenye simu, uandike jina na haja yako, ubonyeze kitufe, halafu Jumapili mchungaji angesoma majina madhabahuni, na kanisa zima lingenyoosha mikono kumwombea kila aliyetajwa. Wazo si baya. Hata mimi, niliyekuwa sitaki kusikia habari zao, niliona si baya.

Mke wangu alikuwa mjamzito. Kabla ya hapo tulikuwa tumepoteza mimba mbili, na ya pili nusura iondoke naye. Haja yake ilikuwa moja tu, mtoto huyu afike. Akaandika, akabonyeza, na papo hapo yakatokea maneno ya kijani: asante, ombi lako limepokelewa. Akazima data, akaweka simu pembeni, akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo, na uso wake umetulia.

Kuzima data ni jambo ambalo hapa Likasi hakuna anayemfundisha mwenzake. Mega tunanunua kidogo kidogo, na simu ikiachwa wazi zinavuja zenyewe kama mafuta katika chupa iliyotoboka. Kwa hiyo unafungua, unafanya neno lako, unafunga. Kidole kinaijua njia, mtu haangalii hata kioo.

Jumapili hiyo jina lake halikusomwa. Akatuma tena katikati ya juma, akashukuriwa tena kwa kijani, na Jumapili nyingine ikapita hivyo hivyo. Waliosomwa walikuwa karibu wale wale kila mara: wake wa wakubwa wa kampuni ya madini kule Kakanda, wenye wifi sebuleni, na shemeji za mchungaji, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nikamwambia mke wangu kwamba naona Mungu wao naye anapenda watu wenye magari. Hakucheka. Alianza kufunga kula, kwanza siku mojamoja, kisha siku zinazofuatana, na tumbo lile mbele yake.

Sasa mnielewe vizuri. Katika kanisa lile kitu kisipofika, hawaulizi njia ikoje. Wanauliza nani amekizuia. Wanawake wenzake wa kikundi cha maombi wakaanza kumwuliza kwa upole: nyumbani mnaishi na nani? Nani anapika? Nani alikuwapo mimba za kwanza zilipotoka?

Jibu lilikuwa mama yangu. Tangu baba afariki alikuwa anakaa kwetu, katika chumba cha nyuma ya lupango, uani kwetu. Mwanamke wa ulimi mkali, sikatai, lakini aliyekuwa wa kwanza kuamka kuwasha makaa ili mke wangu akute maji ya moto. Yeye ndiye aliyemkataza kufunga. Alimwekea sahani ya ugali mbele akamwambia, "Muntu wa mimba hafungake. Kula. Mungu haiko na hasira na bukari." Na neno hilo ndilo walilolishika. Nani mwingine, walisema, angemzuia mtu asifunge kama si mwenye kuogopa nguvu ya kufunga?

Wanawake wale wa kikundi walikuja siku moja nikiwa kazini. Haya nilielezwa na jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta, aliyesimama juu ya tofali ili asikose kitu. Walizunguka nyumba wakiimba, na chupa ya mafuta mkononi, wakapaka milango yote, na walipofika mlango wa chumba cha nyuma kiongozi wao akasimama.

"Iko hapa," akasema.

Mama yangu alikuwa anatwanga sombe. "Nini njo iko hapa?" akauliza.

"Kizuizi, mama. Njo kinafunga njia ya huyu mutoto."

Jirani anasema mama hakuinua sauti. Aliendelea kutwanga mpaka sombe ikalainika, akaibandika, akampakulia mke wangu, akaenda kulala. Kesho yake asubuhi, nilipokwisha kutoka, alifunga begi moja akapanda gari kwenda Mulungwishi kwa mdogo wake.

Jioni ile nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mke wangu alikaa kitandani ananitazama kana kwamba mwenye ugonjwa ni mimi.

"Minye sikumufukuza," akasema. "Ye mwenyewe njo alienda. Muntu kama haiko na kitu, anakimbia juu ya nini?"

Na mtaa mzima ukasema hivyo hivyo. Lisemwalo lipo, wakasema, tena mbele yangu, pale kwenye bomba la maji. Wanawake waliokuwa wakimwomba mama yangu awakandie viuno baada ya kuzaa, sasa wakakumbuka kila mtoto wa mtaa aliyewahi kuugua homa. Nilizichukia sura zao, na mpaka leo wapo nisiowasalimia. Mtu akiibiwa pesa katika mji huu atapata nyingine, lakini jina la mchawi, ukishabandikwa, unazikwa nalo.

Nilimfuata mama Mulungwishi. Alinipikia nikala, akaniuliza habari za kazi, na nilipomwomba turudi akatikisa kichwa. "Nitarudia siku bibi yako ataniambia minye ni nani mu ile nyumba," akasema. Alitaka mke wangu aseme, si mimi. Nikarudi Likasi peke yangu.

Ndipo nilipoamua kwenda kanisani kwao. Sikwenda kusali. Nilikwenda kuuliza kwa nini mke wangu anaomba na hasomwi, maana kama wangemsoma hata mara moja, yale yote yasingetokea. Mke wangu alinifuata nyuma akinivuta shati. Nilimkuta yule jamaa wa ndevu katika chumba cha pembeni, ibada imekwisha, kompyuta yake imefunguliwa, na kisanduku cha wifi kinawaka karibu na kiwiko chake.

"Bonjour, papa," akasema.

"Bonjour. Bibi yangu anatumaka maombi kila juma, na hamumusomake. Juu ya nini?"

Akauliza jina, akatafuta katika kompyuta, hakuchukua muda. "Haiko," akasema. "Mama hakutuma hata moya."

"Nilituma," mke wangu akasema. "Kila juma. Page inanijibu merci."

"Page haiwezi kusema uongo, mama. Serveur minaiona hapa, mu kompyuta. Basi tuma sasa, mbele yangu."

Mke wangu akatoa simu, akawasha data, akaandika haja yake ile ile moja, akabonyeza. Maneno ya kijani yakatokea. Kidole chake kikateleza juu ya kioo kikazima data, na simu ikarudi mkobani. Alifanya haya yote huku anamtazama yule jamaa usoni.

Jamaa akaitazama kompyuta. Hapakuwa na kitu. Akangoja, akaitazama tena, kisha akamgeukia mke wangu, na safari hii ile sauti yake ya shule ilikuwa imepungua.

"Mama, umefunga data?"

"Eh. Si imesema ilipokelewa?"

Akazikuna ndevu zake.

Nilimlazimisha aeleze, na nilimfanya aeleze tena na tena mpaka nikaelewa, maana nilitaka nikikasirika nikasirikie kitu ninachokijua. Ukibonyeza, ukurasa haungoji. Unaondoka na maneno yako kwa nyuma, polepole, kuyapeleka kwenye ile serveur, kompyuta nyingine iliyo mbali sana, Ulaya huko, na wewe unaachwa uendelee na mambo yako. Kompyuta ile ikishapokea, inarudisha jibu. Kwa mtandao wetu jibu hilo linaweza kukawia, na umeme ukikatika linakawia zaidi. Lakini asante ile ya kijani haikuwa jibu. Aliiandika yeye, ili itokee kidole kinapogusa tu.

"Kwa hiyo merci inatokea kabla ombi halijatoka mu simu?" nikauliza.

"C'est asynchrone, papa. Page haingoyake. Zamani niliacha bantu bangoye, balikuwa banafinya kitufe mara tatu, mara ine, maombi ya muntu mumoya yanafika mingi, pasteur anamusoma mara tatu, bantu banacheka. Njo niliweka merci palepale."

"Na kama haifike?"

"Normalement inafika."

"Ya bale ba Kakanda inafika."

"Beko na wifi, habafungake data. Hawa bengine nabo bangengoya tu kidogo, papa."

Wangengoja kidogo, ati. Nilitamani kumpiga, nasema kweli, na sijui ni nini kilichonizuia. Amezaliwa hapa hapa, amelelewa na mega za kupima kama sisi, na aliposhika ile kompyuta akatengeneza kitu cha watu wengine. Wengi wa kanisa lile walikuwa wameomba mwaka mzima, wakashukuriwa, wakafunga data, na maneno yao yakafia simuni. Wangapi walitafutiwa kizuizi majumbani mwao, sijui. Mimi nilikuwa namjua mmoja.

Akamwomba mke wangu awashe data tena, atume, na asiguse kitu. Tukangoja, sote watatu. Kisha jina lake likatokea katika kompyuta ya yule jamaa, na haja yake chini yake. Mke wangu akalisoma, akatafuta kiti, akakaa.

Nilikwenda kwa mchungaji siku hiyo hiyo nikamtaka aliambie kanisa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaahidi kwamba atatangaza. Na alitangaza kweli. Jumapili iliyofuata niliikosa misa yangu nikakaa benchi la nyuma kwao nimsikie. Alisema palikuwa na tatizo dogo la kiufundi katika ukurasa wa maombi, limetengenezwa, utukufu kwa Bwana. Kuanzia sasa ukibonyeza utaona neno ngoja, na ombi likifika ndipo utaona limefika, kwa hiyo ndugu wapendwa tusizime data kabla. Watu wakasema amina. Akafungua Biblia kuendelea na mahubiri.

Nikasimama. "Na mama yangu?"

Mchungaji akatabasamu kwa subira. "Papa, ile ni mambo ya famille. Tutaongea pembeni."

Walipomwita mchawi yalikuwa mambo ya kanisa, wakaja na nyimbo na mafuta. Kumsafisha ndiyo yakawa mambo ya familia. Nilimtafuta kwa macho yule kiongozi wa kikundi cha maombi. Alikuwa anafunga upya kitambaa chake cha kichwa. Nikatoka, na sijaingia tena mle ndani.

Mke wangu alilia siku nyingi. Sikumbembeleza. Niliacha alie, nikala, nikaenda kazini. Aliacha kufunga, angalau hilo. Mtoto akazaliwa salama, msichana, sauti kubwa, miguu haitulii. Ikawa sasa nyumba ina mtoto aliyengojwa kuliko kitu chochote, na bibi yake mzaa baba hajamwona.

Mke wangu ndiye aliyesema twende. Mtoto alipoweza kusafiri tukapanda gari mpaka Mulungwishi. Mama alikuwa uani anaanika karanga. Mke wangu akapiga magoti palepale penye vumbi, mtoto mikononi, akasema yote: ukurasa, asante ya kijani, data, wale wanawake, na maneno aliyoyasema yeye mwenyewe kwa kinywa chake.

"Ulinzi wangu ni weye, mama," akamalizia. "Nilikosa. Unisamehe. Weye njo mama wa ile nyumba."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Habari za ukurasa hakuziuliza hata neno. "Nimesikia," akasema. "Imeisha. Simama, utaumia magoti." Alisema kwa sauti yake ya kawaida, na mimi nilijua amesamehe, maana mama yangu hajui kusamehe kwa uongo.

Mke wangu akamnyooshea mtoto.

Mama hakumpokea. Alisimama, akaenda penye ua wa majani, akaita jirani wa upande huu, kisha wa upande wa pili, akawaambia waje. Wanawake wale wakaja wakijifuta mikono kwenye vitenge vyao. Mama akakunja mikono ya blauzi yake mpaka juu ya viwiko, akawaonyesha viganja vyake, akavigeuza akawaonyesha na nyuma. Kisha akaburuta kigoda akakiweka katikati ya uwanja, juani, mbali na mlango wa nyumba.

"Muniangalie bien," akawaambia. "Saa yote nitakuwa na uyu mutoto, mubakie hapa. Kesho akigonjwa, mutasema mulichoona."

Ndipo akakaa, akanyoosha mikono, akampokea mjukuu wake. Alimtazama muda mfupi tu, akamrudishia mama yake, halafu akawashukuru majirani, akawaambia sasa wanaweza kwenda.