Bata Bukini Mweupe wa Mama

Mjomba wangu ni mbishi wa kuzaliwa. Anauza kuku Kariakoo, basi anajiona anajua kila chenye manyoya. Ujuaji wake ndio uliomuua bata bukini mweupe wa mama, na hata leo nikikumbuka damu inanichemka.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kwenye nyumba ya Ilala. Mimi nilikuwa nimeolewa Upanga. Aliyemlinda ni yule dume mweupe, aliyekuwa na majike yake pale uani. Kibaka mmoja aliruka ukuta, akatoka suruali imechanika, analia. Asubuhi mama akifagia uani alikuwa anapiga naye stori, kama zamani na baba. Alishatuambia wote: huyu haliwi.

Siku moja nikiwa kwa mama, mjomba akaja na bata bukini wa porini, kaletewa na mtu wa Rufiji. Mweusi, tumbo jeupe, na kwenye kila bawa ana mwiba mgumu kama ule wa mguuni kwa jogoo. Alishamkata manyoya ya bawa moja asiruke.

"Dada, huyu ndiye babu wa hawa wako. Wakichanganya damu utapata vifaranga wakali wa kufa mtu!"

Babu gani! Nimekuja kusoma baadaye: hawa wa kufugwa mababu zao ni mabata bukini wa porini wa nchi za baridi, huko mbali. Huyu wa kwetu wamechangia jina tu. Lakini nani angebishana na mjomba? Akamwachia uani.

Mweupe akashusha shingo, akamvamia. Wa porini akajaribu kupaa, bawa lililokatwa likamwangusha. Angeenda wapi? Akageuka, akapiga bawa, mwiba ukazama shingoni. Akapiga tena, na tena. Nilimtandika na fagio mpaka mpini ukavunjika, wapi! Majike yanapiga kelele, damu imeruka mpaka kwenye nguo tulizoanika. Mama akaingiza mkono kuwaachanisha, ukachanika hadi kwenye kiwiko. Ndipo mjomba akamdaka yule wake, akamfunga miguu.

Mweupe alikuwa chini anakoroma, jicho moja halipo. Mjomba akakimbilia jikoni, akarudi na kisu.

"Mshikeni nimchinje! Akifa hivi ni mzoga, nyama yote hii inapotea!"

Hapo alisema kweli. Mama akasimama mbele yake, akamzaba kofi kwa mkono ule ule unaovuja damu. Mwanaume mzima, na ndevu zake.

"Weka kisu chini. Nimesema haliwi."

Akakaa pale pale kwenye damu, akampakata. "Pole, baba. Pole." Alimwambia hivyo mpaka akakata roho.

Tulimzika karibu na bomba, na manyoya yake yote. Jioni tulikula ugali na mchicha, mjomba naye yupo, shavu limevimba, na hakuna aliyethubutu kuuliza nyama.