Kulifuata Banjo la Mjomba Elia Johannesburg

Mwaka 2017, mama alipokuwa hawezi tena kutoka nje, aliniita kitandani kwake akaniambia, "Nataka kumsikia Elia akipiga banjo kabla sijaondoka." Elia ni mdogo wake, mjomba wangu, fundi cherehani aliyehamia Johannesburg zamani. Ujanani alikuwa mpiga banjo wa kutegemewa Muheza nzima. Harusi asiyopiga yeye ilifanana na kikao cha ukoo. Alipofiwa na mkewe hukohuko ugenini, aliacha kupiga. Tulimpigia simu za pole, tukatuma michango. Kila tulipomwuliza habari za banjo alijibu neno moja tu: "Bado." Nyumbani tukasema mji umemmeza.

Dar es Salaam, kabla ya kupanda basi la kumfuata mjomba, nilipita Kariakoo nikanunua nyuzi za gitaa, za chuma, zinazong'aa. Nilijiona mjanja kweli.

Kuanzia Tunduma mpaka Beitbridge sina mengi ya kusimulia. Miguu ilivimba, viatu vikanikataa, na mpakani foleni ilikwenda kwa kujivuta. Moyoni nilikuwa na swali moja: mzee akikataa kupiga, nitarudi kwa mama na nini?

Johannesburg ilinipokea kwa baridi kavu. Mjomba alikuwa stendi, kofia mkononi, amekonda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Eish, umekuwa mama yako mtupu!"

Anakaa Bellevue, katika nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa vyumba. Mlangoni tulimkuta jirani yake, Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu. Aliposikia nilikotoka, akanivuta kando. "Dada, uliza muzee ile banjo yake inalalaka tu kwa nini. Tangu nifike hapa, sijaisikia hata siku moja."

Chumbani mlikuwa na kitanda, cherehani, na karibu na dirisha mkeka mkuukuu uliotandikwa sakafuni. Juu yake lilikuwapo banjo, nyuzi zimelegezwa. Nikatoa zawadi yangu kwa madaha.

Mjomba alizigeuzageuza, akatabasamu kidogo. "Hizi hapana. Banjo hili hupigwa kwa vidole vitupu, linataka nyuzi laini. Chuma kitalipinda shingo."

"Basi tukanunue laini, upige. Mama anangoja."

"Siwezi, mwanangu. Mimi bado niko matangani."

Nilidhani ananitania. Akakaa kitandani, akasema taratibu, "Kwetu mfiwa hajianulii tanga. Ndugu huja, wakakaa naye, wakaukunja mkeka, wakamwambia sasa inatosha. Nyinyi mlipiga simu. Hakuna aliyekuja."

Nikaketi juu ya ule mkeka nikalia, kwa ajili ya mkewe na kwa ajili yake. Miaka yote ile alikuwa akishona nguo za harusi za watu huku kwake msiba haujaisha.

Kesho yake tulikwenda makaburini, tukang'oa majani kwenye kaburi la marehemu. Tuliporudi, Mama Furaha na mimi tukapika wali na maharage, wapangaji wakaja wakala. Kisha nikampigia mama, nikaweka simu katikati yetu.

"Elia," mama akaita.

"Naam, dada."

"Tumechelewa. Inatosha sasa, mdogo wangu. Tanga limeanuliwa."

Nikaukunja mkeka kwa mikono yangu. Mjomba akashusha pumzi ndefu, akaenda kunawa uso.

Randburg tulikwenda kwenye duka la zana za uvuvi, kwa kuwa mpiga banjo wa mtindo wake hukosi kumkuta na mshipi wa samaki, ndio uzi wake laini. Alichagua mishipi kwa kuisugua kidoleni, mnene na mwembamba. Mwenye duka akatuuliza tunakwenda kuvua wapi. "Muheza," mjomba akajibu, na huko bahari hakuna. Wakati wa kurudi, kila taksi iliposimama kwenye robot, taa za barabarani kwa lugha ya huko, vidole vyake vilikuwa vinagonga goti.

Jumapili alasiri, uani Bellevue, alikaza ngozi, akafunga nyuzi, akaanza. Vidole vilikuwa vigumu. Wimbo ulimkatikia, akarudi mwanzo. Ukamkatikia tena, akarudi. Nilikuwa namwonea huruma hata nikataka kumwambia aache. Kisha akaupata, ule aliompigia mama siku ya harusi yake, taratibu kuliko zamani. Mama Furaha aliweka chanuo chini, na aliyekuwa akisukwa hakulalamika. Niliurekodi wote, pamoja na makosa.

Muheza nilifika na ule mkeka kwapani. Mama alisikiliza macho yamefumbwa, simu sikioni. Wimbo ulipokwisha akaomba tena, na tena.

Nilijifunza kwamba pole ya simu ni pole, lakini haikunji mkeka. Sikumwambia mama hivyo, nilimwona anajua. Alinirudishia simu yangu, akasema:

"Siku yangu ikifika, Elia msimpigie. Mfuateni."