Mama Mwaisha hamwigizi tena mjomba

Saa tatu asubuhi, wanafunzi wa ugani wa kilimo wanasukuma madawati ukutani. Katikati ya darasa vinabaki viti viwili na jembe. Mwanvita Said, au Mama Mwaisha, muuza mboga wa Mlali, anajifunga khanga kiunoni na kuketi. Leo yeye ni mke wa mkulima.

Kijana anayeigiza bwana shamba anapiga hodi hewani, anasalimia, kisha anaanza papo hapo habari za kupanda miti.

"Mwanangu, hata maji hujanywa," Mwanvita anamkatiza. Darasa linacheka.

Kutoka nyuma sauti inaomba: "Mama, tufanyie yule mzee."

Mwanvita anatazama sakafu. "Yule mzee amesafiri."

Mzee hajasafiri. Anaitwa Ahmadi, yuko kwake mlimani juu ya Mlali, na baada ya jioni moja ya Machi hajamwambia Mwanvita neno zaidi ya marahaba. Ni mjomba wake, ndugu wa mama yake na mkuu wa ukoo.

Mwanvita, 47, huja katika chuo hiki cha mjini Morogoro mara mbili kwa mwezi. Hulipwa shilingi elfu kumi na tano kwa kipindi. Aliyemwita ni mhadhiri Elia, baada ya kuona wanafunzi wake wanarudi kutoka Uluguru bila kusikilizwa. Huko milimani ardhi hufuata upande wa mama, na mti ni alama ya mwenye shamba. Hupandi bila kauli ya mjomba.

Mwanzoni darasani, wanafunzi walimwigiza mjomba kama mzee wa kufoka na kutikisa fimbo.

"Nikawaambia hapana, mjomba hafoki," anasema Mwanvita. "Mjomba ananyamaza mpaka unajuta kilichokuleta."

Elia akamwomba awaonyeshe. Mwanvita hakuwa na mjomba mwingine wa kuonyesha. Alivaa kofia, akaizungusha kichwani, akakohoa kidogo kama Mzee Ahmadi, akamtazama bwana shamba muda mrefu. Kisha akauliza: "Huo mti wako utanisalimia asubuhi?"

Walicheka hadi machozi. Tangu hapo, kila kipindi walimtaka mzee. Mmoja wao akarekodi video kwa simu, akaituma kwenye kundi lao, ikasambaa. Kabla Mwanvita hajafika nyumbani, Mlali nzima ilikuwa imeiona. Jirani alimwonyesha mzee mwenyewe.

Mwanvita alikwenda jioni ileile.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Kisha mzee akasema: "Angefanya mtani, ningecheka. Wewe umetoka tumboni mwa dada yangu."

Kwao, mtani wa ukoo anaweza kumwiga mzee hata msibani kwake, akavaa na shati lake, na wafiwa wakacheka. Mpwa hana ruhusa hiyo. Mwanvita alilijua hilo tangu utotoni.

"Pale darasani niliona kama niko nchi nyingine," anasema, akikunja ncha ya khanga. "Mlali hainioni. Kumbe nilikuwa nimempeleka mjomba wangu achekwe na watu asiowajua."

Elia naye alipanda mlimani kwenda kuomba radhi. Mzee alimpa kahawa, akazungumzia mvua, akamsindikiza mpaka barabarani. La darasani hakuligusa.

"Alinyamaza vilevile kama Mama Mwaisha alivyomwigiza," anasema mhadhiri huyo, ambaye sasa amepiga marufuku simu katika kipindi. "Nusura nicheke. Halafu nikaona aibu."

Sasa Mwaisha, binti wa Mwanvita na fundi cherehani wa Kihonda, amepata mchumba. Wakwe wanataka kuleta posa, na posa hupokewa na mjomba. Mwanvita ametuma watu mara mbili. Jibu lilirudi lilelile: "Si anajua kujifanya mimi? Basi apokee yeye."

Mwaisha hamlaumu mama yake. "Afadhali angenifokea," anasema Mwanvita. "Ananiuliza tu, 'Mama, niwaambie wasubiri mpaka lini?'"

Jumapili hii Mwanvita atapanda tena kwa mjomba, safari hii na Kasiani, mfanyabiashara wa mahindi Dumila na mtani wa ukoo wao. Kasiani amekwishasema atadai jogoo kuwa ada yake. Ataingia peke yake, awachambue kwa utani wote wawili, mzee na mpwa wake, huku Mwanvita akisubiri nje.

"Nikisikia mjomba amecheka, nitapiga hodi," anasema, akiinua beseni lake la mboga. "Kwa sauti yangu."