Sare ya Harusi na Kiwanda cha Ghana

Mwanangu, ninayo Jumapili moja ya mwaka 2015 ambayo sijaisahau hata leo. Siku hiyo nilikemewa na mwanamke ambaye hakupandisha sauti hata kidogo, na kemeo la sauti ya chini, kama ulikuwa hujui, ndilo linalokaa.

Nilikuwa msichana bado. Nilikaa mtaa wa Linden, hapa Columbus, huku ughaibuni; mchana nikifunga masanduku ghalani, jioni nikisoma chuo. Jirani yangu alikuwa Mama Efua, Mghana wa umri wa mama yangu mzazi, ambaye sebule yake ilijaa vitambaa vya kwao alivyowauzia watu wa makanisani. Tulisemezana kwa Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi yake, na maneno yake nayaweka hapa kwa lugha yetu.

Wakati huo rafiki yangu Mama Neema, Mkongo wa Louisville, alikuwa anamwoza binti yake. Unazijua harusi zetu: pasipo sare, watu hawasadiki kwamba kuna harusi. Mimi, ingawa ni Mrundi wa kambi za wakimbizi za Kigoma, nilifanywa katibu wa kamati, maana aliyesoma kwetu hakosi kutwikwa kalamu. Nikamwomba Mama Efua aniazime kipande kimoja nikawaonyeshe wenzangu. Alinichagulia alichokipenda mwenyewe, cha samawati iliyokolea, chenye maua ya manjano, na pindoni limechapwa jina la kiwanda cha Ghana kilichokitengeneza.

"Kawaonyeshe," akasema. "Wakikipenda, nitaagiza."

Kwenye kikao cha kamati walikipenda mno. Lakini Mama Neema alipokwisha kukipapasa, alisafisha koo. "Bon, dada zangu, kitambaa ni kizuri, lakini siye tuko wengi. Kuko kijana mumoja kule Chine, ku Wachina, anafanyiaka watu ile kazi. Unamutumia picha tu, anakuletea maua ile ile, rangi ile ile, na maandishi ya pembeni. Bei iko chini kabisa."

"Hata jina la kiwanda?" akauliza mama mmoja.

"Hata jina! Nani atajua?"

Vigelegele vikapigwa. Kazi ya kupiga picha na kuituma nikapewa mimi, kwa sababu ya Kiingereza changu. Picha nikazipiga palepale, za katikati na za pindo. Kuzituma nikasema nitatuma nikifika nyumbani, nimwandikie kijana yule na vipimo kwa utulivu.

Jumapili, kabla ya kukaa kuandika, nikaenda kurudisha kipande cha watu. Nilimweleza Mama Efua wazi, kama mtu anayeleta habari njema: kamati imekipenda, ila kitachapwa kwingine. Nilidhani atasikitika kidogo kwa kukosa biashara, yaishe.

Alikikunja kitambaa polepole, pindo kwa pindo. "Keti," akasema. "Unajua mdogo wangu Esi anafanya kazi gani?"

Sikujua.

"Anasimama kwenye mashine iliyochapa hiki."

Ndipo aliponisimulia. Yeye mwenyewe katika usichana wake alikuwa mkaguzi wa rangi katika kiwanda hichohicho. Zama hizo mashine hazikulala. Zamu zilipopishana, lango lilijaa wauza chakula, mafundi cherehani, na malori ya pamba kutoka kaskazini mwa nchi. Ua jipya likitoka, waliitwa kwanza wakubwa wa soko, akina mama wenye ulimi, wakitazame kitambaa na kukipa jina. Kwao, kama ilivyo kwa kanga isiyo na maneno, kitambaa kisicho na jina hakiendi mjini. Halafu vikaanza kushuka bandarini vitambaa vya kunakili, ua lilelile, hata jina la kiwanda pindoni, kwa bei ya kutupa. Vingine vilifika sokoni kabla ya vile vya kiwanda chenyewe. Zamu moja ikafungwa. Malori ya pamba yakapungua. Mama wa chakula wa langoni akafungasha masufuria yake akaenda kutafuta lango lingine. Sasa zamu iliyokuwa ikijadiliwa kufungwa ni ya Esi.

Mwenye kovu usidhani kapoa, mwanangu. Lakini mimi nilikuwa na elimu mpya, na elimu mpya ni kama kiatu kipya, hupiga kelele. Nikamwambia, "Mama, harusi moja ya Louisville haiwezi kuua kiwanda."

"Wala haiwezi kukiokoa," akanijibu. "Mimi si mtoto. Watu hununua wanachokimudu, siwalaumu. Vaeni magunia mkitaka. Lakini hiki kimetoka mkononi mwa Esi, kikaja mkononi mwangu, nami nikakupa wewe. Sikuombi uniokolee kiwanda, binti yangu. Nakuomba usinifanye mimi kisu."

Nilitoa simu mkobani nikazifuta zile picha mbele yake. Hakunishukuru. Aliniuliza tu kama nimekula.

Ikabaki kumwambia Mama Neema, jambo ambalo, nakiri, liliniogofya zaidi. Nilimpigia jioni ileile.

"Umefuta?" akafoka. "Nyiye Warundi! Mutu akikohoa, munaanza kilio. Na sare? Tutavaa machozi yako?"

Nikamsimulia habari za Esi na lango la kiwanda. Nilitazamia kicheko. Badala yake, sauti yake ilishuka.

"Baba yangu alitumikaka mu kiwanda ya nguo, kule Kalemie," akasema. "Siku walifunga, alivaa nguo yake ya kazi, akaenda kukaa ku mulango. Asubuhi yote. Mama alimutuma mutu amurudishe nyumbani." Akavuta pumzi. "Bon. Ambia ule mama aagize. Lakini donc, kwa ile bei hatutaeneya."

Kweli hakikutuenea. Kila mwanamke alipata kilemba tu, akavaa na gauni lake la siku zote. Wakwe waliotoka Buffalo walipoingia ukumbini, mmoja wao akashika kiuno. "Hii ni sare ya kichwa? Kuanzia shingo kushuka, feza iliisha?"

"Bashemeji," akajibu Mama Neema, "kichwa ndiyo inafikiriaka. Huku chini ni ya kukaliya tu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na wakwe nao.

Sitakudanganya kwamba vilemba vyetu vilitenda muujiza. Mwaka uliofuata zamu ya Esi ilifungwa. Mama Efua ndiye aliyenipa habari, nami kwa uchungu nikamwuliza tulichokifanya kilisaidia nini.

"Alipofungiwa kazi, nilimpigia simu," akasema. "Niliweza kumpigia, bila aibu."

Basi sikia, mwanangu. Mataifa yetu, ya magharibi mwa Afrika na ya kwetu kwenye maziwa, yanaambiwa kila siku yajenge viwanda, na watu hudhani kiwanda ni paa na mashine. Kiwanda ni watu waliokubali kuaminiana, tangu anayepanda pamba hadi anayekipa kitambaa jina. Kununua cha bei nafuu si dhambi. Mfuko wa mtu ndio mshauri wake. Bali ukikosa uwezo, punguza haja yako, usipunguze haki ya mwenzako. Na alichokuazima mtu kwa mkono wake, kisirudi kwake kama pigo, hata kama watu elfu wanapiga vigelegele. Utakapoanzisha kazi yako, hapa au kwetu, utajua uzito wa neno hili.

Mungu akupe kazi unayoweza kuitia jina lako bila haya. Akupe wanunuzi wenye utu na majirani wenye ujasiri wa kukukanya. Na kila unayemwonea huruma kwa mbali, akujalie umtendee haki ukiwa naye karibu. Amina.