Damu Iliyorudi Noonkopir

Nilitolewa kizazi kabla sijafika miaka hamsini, na sikukililia. Kilikuwa kimejaa uvimbe, kilinitesa. Dada zangu walitangulia kutolewa, kwa hiyo kwetu Ukambani lilikuwa jambo la kawaida kama kung'oa jino bovu.

Nilirudi kwenye kibanda changu cha mboga pale soko la Noonkopir, Kitengela, katikati ya majirani wawili wa rika langu. Mama wa nguo, Msomali, aliuza madera na mashuka na alikuwa na ulimi mkali kunishinda mimi. Mama wa maziwa, Mmaasai, alikuja kila asubuhi na mitungi kutoka boma lao upande wa Isinya. Joto la umri wa kukoma hedhi lilitupata sote. Mimi nilijipepea kwa kipande cha katoni mbele ya wateja, bila aibu. Mama wa nguo alitokwa jasho ndani ya buibui lake na kulaumu hali ya hewa ya Kitengela. Mama wa maziwa alisema ni malaria, akameza dawa za malaria mpaka tukamcheka.

Mama wa maziwa alikuwa na mabinti tu, wote wameolewa. Mumewe alikuwa anagawa ardhi, na aligawa kwa nyumba zenye wavulana. Mke mwenzake mdogo alikuwa nao watatu. Najua sheria inasema vingine, lakini sheria haikuwa imewahi kufika katika boma lile.

Kisha damu yake, iliyokuwa imekoma kitambo, ikarudi. Alikuja sokoni amevaa shanga mpya, akatunong'oneza kama msichana.

"Enkai amenikumbuka," alisema. "Mungu amenifungulia tena. Bado niko na nafasi ya kijana mmoja."

Mama wa nguo aliweka chini shuka alilokuwa akikunja. "Dada, hiyo damu haileti mtoto. Mamangu alirudiwa hivyo hivyo, na tulimzika. Enda hospitali leo."

Alikasirika, akasema tunamwonea wivu. Haukupita muda, wanawake wa kwao wakakusanyika bomani ili wazee wambariki azae. Nilialikwa, nikaenda. Walimnyunyizia maziwa kwa nyasi mbichi huku wenzake wakiimba, naye akifumba macho kwa furaha. Nilimchukia kila mtu pale, hata wale walioimba kwa mapenzi ya kweli.

Tulimsumbua mpaka maumivu ya kiuno yakatusaidia. Tulifunga biashara, tukampeleka hospitali Kajiado. Baada ya vipimo, daktari, mwanamke kijana, alimweleza polepole: ni saratani, lakini haijatoka nje ya kizazi. Kikitolewa haraka, anaweza kupona.

Nje kwenye benchi nilipandisha blauzi mbele ya watu nikamwonyesha kovu langu. "Niangalie. Nimekufa?"

"Wewe uko na vijana wawili," alisema. "Ulitolewa, wakabaki. Mimi nikitolewa, nitakaa pale bomani kama nani?"

"Hata kwetu kijana ni kijana," mama wa nguo alimwambia. "Lakini ukifa, nani atakukatia shamba?"

Alijifunga shuka, akaenda zake stendi, nasi tukamfuata kama watu walioadhibiwa.

Mitungi ilizidi kuchelewa, kisha ikaacha kuja. Mvua zilipokwisha, binti yake mkubwa alinipigia simu, tukakutana hospitali ile ile. Mama yake sikumtambua mara moja. Shanga zilimlegea shingoni, na alikuwa akinuka, jambo ambalo naona uchungu kuliandika. Daktari alimpima, akanawa mikono. Kisha akatuambia ugonjwa umeenea. Upasuaji hautasaidia tena. Atapewa dawa za kutuliza maumivu, apumzike nyumbani.

Binti alianza kulia. Mimi nilijawa na hasira, nikatafuta mtu wa kumlaumu, na mle chumbani hakuwemo.

Jirani yangu alimtazama daktari.

"Kwa hivyo kizazi hamkitoi?"

"Hatukitoi, mama."

Akapumua. Akaweka mkono juu ya tumbo lake, na kwa ule mwingine akamshika binti yake.

"Nyamaza," alimwambia. "Wameniachia."