Gunia ya Agar kwa Jiko ya Basoda

Agar ni mukamwana wangu, bibi ya mutoto wangu Sadrack. Sadrack alienda Manguredjipa kutafuta dhahabu. Yeye na ile dhahabu hawajaonana mpaka leo. Agar akabaki na mimi hapa Butembo, akawa anakaanga frite za viazi kando ya soko. Siwezi kusema anapika vizuri, juu kichwa yake itavimba. Nasema tu kwamba batu balikuwa banatoka Beni na njaa yao, banapita mama bote ba njiani, banakuja kusimama kwa kikaango yake.

Ilikuwa miaka ya vita ya pili ya inchi yetu. Sisi tulikuwa batu ba bahati: kila wakati tunapata bakombozi bapya, na wa kwanza kukombolewa ni mbuzi. Komanda wa ile msimu alifunga njia ya Masereka na barrière, kule juu kwenye baridi, kusudi adui asipite. Adui hakupita. Viazi navyo havikupita. Chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma, zilipangwa pale na magunia yake, benyewe banaomba ruhusa, na baridi ya mulima inalalia vile viazi majuma na majuma.

Kiisha komanda akapata mugeni, mukubwa mumoja mwenye alishuka na ndege kule Mavivi. Mugeni anapenda frite. Siku ile ile barrière ikafunguka. Adui, nafikiri, alikuwa amechoka kungoja.

Komanda akatuma gunia moja kwa Agar, akaangie mugeni. Akamenya, akakata, akatia mu mafuta. Kufumba na kufumbua, frite nyeusi sawa makala, na ndani bado mbichi.

"Mama, hivi viazi viko namna gani? Vinaungua mbele ya kuiva."

"Moto yako ni mingi."

"Moto ni ile ya kila siku."

"Basi ni wewe."

Nikaonja. Ilikuwa tamu, sawa mutu amemwaga sukari. Lakini basoda balikuwa bamefika, mugeni ameisha kukaa, wakabeba sahani vile ilikuwa.

Komanda alikuja yeye mwenyewe, mudomo bado na mafuta.

"Nani aliweka sukari mu frite?"

"Hakuna mutu, mon komanda," Agar akasema.

"Sumu ni chungu, mutu anaificha na sukari. Nabajua ninyi batu ba hapa."

Alikuwa hajamaliza hata msimu moja kwetu, na ameisha kutujua bote. Akamupeleka Agar ku cachot, gereza ndogo ya kambi. Kwa ile kambi mutu alikuwa anaingia na miguu yake. Namna ya kutoka, hiyo hapana mutu aliijua.

Jirani yetu ni mualimu Abdias. Alikuwa anafundisha biolojia, mpaka basoda bakalala mu vyumba vya masomo yake na kupikia mbao za viti vya banafunzi. Alikuja kwangu amevaa kravati. Nikajisemea: kumbe tuko salama, kravati imefika. Tukaenda kambini.

"Mon komanda, ile si sumu. Ni baridi," Abdias akaanza. "Majani ya kiazi yanatengeneza sukari kwa jua. Sukari inashuka mu shina, inafika chini, inageuka unga. Kiazi ni ghala tu: inachungia chakula lile jicho yake, pale chipukizi inatokea, siku litaota. Baridi ikiipiga, unga inarudi kuwa sukari. Na ndani mule kuna kitu tunaita anzime. Iko sawa mukasi, inakata sukari vipande viwili. Vile vipande ndivyo vinakuwa vyeusi mu mafuta ya moto."

"Mukasi mu kiazi?"

"Ndogo, mon komanda. Haionekani. Lakini bila ile mukasi, jicho halipati sukari ya kukulia."

Basoda bakacheka mpaka bunduki zinagongana. "Mualimu, ulikula mbele ya kuja?"

"Sumu nayo haionekani," komanda akasema.

Abdias hakurudi nyuma, hiyo namupa. Akasema: "Weka gunia kwa joto, majuma mawili ao matatu. Sukari itapungua, ingine itarudi unga. Kiisha Agar akaange mbele yako."

"Na frite ikitoka nyeusi?"

Komanda akajibu mwenyewe: "Ikitoka nyeusi, wewe na yeye mutaimaliza, na kwenu hamutarudi."

Jiko yangu, komanda hakuiamini. Aliamini jiko ya basoda bake, gunia ikawekwa pale kando ya moto. Kila mutu na imani yake.

Kila siku nilimupelekea Agar chakula. Na kila siku gunia inakonda, basoda bananenepa. Agar akaninong'oneza kwa tundu ya mulango, anajikaza asilie:

"Mama, banachoma viazi vyangu. Vikiisha nitakaanga nini?"

"Ulimwambia komanda?"

"Wenye kuiba ndio wenye kunilinda, mama."

"Basi nyamaza. Baache bakule."

Abdias akashika kichwa: "Ushahidi unaisha!"

"Mualimu," nikamujibu, "ushahidi unatembea na bunduki."

Siku ikafika. Komanda akakaa ku kiti, Agar akaletwa, macho yamezama. Bakafungua gunia. Chini kabisa kulibaki viazi vya kujaza sahani moja, vimeota macho.

"Viazi viko wapi?"

Basoda bote bakatazama viatu vyao, wale benye viatu.

"Ni panya, mon komanda," mumoja akasema.

"Panya zinachoma ku makala mbele ya kula?" nikauliza. "Maganda si yale mu majivu?"

"Koko, mama muzee, nyamaza!" yule wa panya akapayuka.

"Nitanyamaza nikimaliza. Komanda, hesabu batu bako. Nani alikufa?"

Akabatazama, mumoja mumoja. Bote wazima, na mashavu.

"Mulikula sumu yangu?"

"Kidogo, mon komanda," yule wa panya akajibu.

"Ilikuwa namna gani?"

"Mwanzo tamu sana. Nyuma, utamu ukaanza kupotea."

Abdias akaruka: "Mumesikia? Inashuka! Sukari inashuka!" Hakuna mutu alimuangalia.

Agar akaondoa yale macho, akayafunga mu kitenge yake. Akamenya, akakaanga. Frite ikatoka rangi ya manjano, kavu, safi. Komanda, mwenye kuogopa sumu, aliimaliza yote bila kubakizia mugeni hata moja. Kiisha akapiga mukono hewani: mwende.

Yale macho Agar aliyapanda nyuma ya nyumba, yakaota vizuri. Tangu pale, gunia ya Masereka haigusi kikaango mbele ya kulala siku nyingi kando ya mafiga yetu. Bamama ba soko balimucheka. Leo banafanya vile vile, na kila mumoja anasema ni akili yake.

Abdias anasema mukasi yake ndiyo ilimutoa Agar. Mimi nasema ni njaa ya basoda. Ile jioni ya kutoka kambini, mimi na Abdias tulikuwa tunabishana bado, Agar akaweka sahani mbele yangu.

"Mama, kula, inapoa."

Nikala. Chumvi ilikosa kidogo.